Waranti Iliyo Arusha, Gari Lililo Basotu

Aliye ng'ambo anayenunulia nyumbani gari au trekta hukutana na swali kabla hajalipa. Aongeze fedha apate chombo kipya chenye waranti ya wakala, au achukue kilichotumika na matengenezo yabaki mikononi mwa familia na fundi wa karibu? Aliyezoea maisha ya Minnesota au Oslo huliona jibu upesi: waranti ni usalama. Huko wakala yuko mjini humo humo, barabara ni ya lami, na saa ya kazi ya fundi ni ghali kiasi kwamba kutengenezewa bure ni nafuu kubwa. Kwetu Basotu, wilayani Hanang, hesabu hiyo haisimami. Thamani ya waranti hushuka kadiri wakala anavyokuwa mbali, na fedha tunazoilipia zingeleta faida kubwa zaidi zikienda kwenye vifaa, spea na ujuzi wa fundi aliye Basotu, Katesh au Haydom.

Tuanze na umbali. Kutoka Katesh hadi Arusha kupitia Babati ni takribani kilomita 240, zote za lami. Kutoka Basotu kuna kipande cha vumbi kabla ya kuifikia lami hiyo. Kwenda na kurudi kunapita kilomita 500. Masharti ya waranti mara nyingi hudai gari lifanyiwe sevisi kila kilomita 5,000, kwa hiyo sehemu ya kumi ya mwendo wote ingeishia kwenye safari ya kumwaga oili na kubadili filta, kazi ambayo kijana aliyefundishwa vizuri huimaliza uani asubuhi moja. Juu ya hilo, waranti kwa kawaida haigusi vitu vinavyolika kwa matumizi: breki pedi, klachi, tairi, plagi, mara nyingi hata bushi na shokapu. Hivyo ndivyo barabara zetu huvila kwanza. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa, tope jeusi la masika hung'ang'ania ekseli, na gari likizidishiwa magunia wakala ana haki ya kuandika kwamba limetumiwa vibaya. Mnunuzi anakuwa amelipia ulinzi wa injini na gia boksi, ambavyo kwenye gari imara haviharibiki mara nyingi katika miaka 3 ya mwanzo, huku yanayoharibika kweli akiendelea kuyalipia mwenyewe.

Eneo letu lina historia inayolieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada, ulioanzia shamba la Basotu na kukua chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, hadi mashamba 7 ya takribani ekari 10,000 kila moja, uliingiza Hanang matrekta makubwa na kombaini kutoka upande wa pili wa dunia. (Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig, na machungu yake yalifika mahakamani; mradi huu haustahili kutajwa bila hilo.) Mashine zile hazikuendeshwa kwa kumsubiri wakala wa ng'ambo. Karakana zilijengwa huku huku, Watanzania wakasomeshwa, wengine hadi Kanada. Msaada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikono yenye ujuzi ilibaki, lakini fedha za spea na za mashine mpya zikakosekana, na eneo lililolimwa likapungua. Kwa hiyo fundi wa karibu ni wa lazima, na bado hatoshi peke yake. Chombo chenyewe kiwe kile ambacho spea zake zinapatikana Babati au Singida, au zinaweza kupakiwa kwenye basi kutoka Gerezani, Kariakoo, zikafika kesho yake. Hii ndiyo sababu Land Cruiser kuukuu na trekta la Massey Ferguson huishi miaka mingi vijijini, na pikipiki ya Boxer haikosi fundi hata mnadani.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba fundi wa mtaani hubahatisha: hubadilisha pampu kabla ya kupima, hufunga spea feki, halafu lawama humwangukia dereva. Tatizo hilo ni la kweli na limegharimu maisha pale lilipohusu breki na usukani. Lakini tiba yake ni kumwendeleza fundi, kwa kuwa kumkimbia hakuwezekani: gari likizima Dirma saa moja usiku, yeye ndiye atakayeitwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari. Chama chetu cha watu wa Basotu kikimlipia fundi kipimo hicho, kikampa torki rechi, jeki imara na kifaa cha kusoma hitilafu za kompyuta ya gari, kitakuwa kimehudumia magari ya kata nzima. Spea za breki tuzilipie wenyewe kwa muuzaji anayeaminika, tukidai risiti.

Pingamizi jingine ni zito zaidi. Ikiwa gari tayari ni jipya na waranti imo ndani ya bei, kwa nini kuitupa? Isitupwe. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kukataa waranti kwa sababu tu mwenye gari alimwaga oili mwenyewe au alitumia filta ya kampuni nyingine. Ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba kazi hiyo ndiyo iliyoleta hitilafu. Umoja wa Ulaya nao unalinda sevisi za gereji huru. Wenzetu wanaoendesha magari huko watunze risiti na tarehe, wasitishwe na maneno ya kaunta. Lakini kinga hizo hazisafiri na gari hadi Hanang. Kwa gari lililonunuliwa Tanzania, soma mkataba kabla ya kulipa, na uulize kama fundi wa wakala atalifuata gari lilipo au wewe ndiye utakayelivuta. Jibu liwe kwa maandishi. Kwa trekta swali hilo ni kubwa zaidi, kwani likisimama wiki 2 wakati wa kupanda, msimu umepotea hata kama spea ilitolewa bure.

Kazi moja ya wakala haina mbadala wa uani: kurudishwa kwa gari kwa ajili ya kasoro ya kiusalama iliyotangazwa na mtengenezaji. Hilo si waranti, na mara nyingi halifi waranti inapokwisha. Mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kemikali yake ya kuzalisha gesi huharibika kwa joto na unyevu kwa miaka mingi hadi mfuko ukaweza kurusha vipande vya chuma, ilifungwa kwenye mamilioni ya magari, yakiwemo ya Kijapani ya aina zinazoletwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika. Kabla ya kutuma fedha, chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ikionekana kazi haijafanywa, mtake muuzaji aikamilishe gari likiwa bado Japani.