Bibi hakusahau, alikuwa hasikii

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KATIKA familia yetu tulishakubaliana kwamba Bibi ameanza kusahau. Ukimwuliza habari za kuku, anakujibu habari za kuni. Wajukuu wakimwita, hageuki. Wajomba walishakaa kikao kupanga nani amchukue Dar es Salaam, na shamba lake la viazi huku juu ya Soni alime nani. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Mwezi Juni nilipanda gari Mombo nikaenda kumsalimia. Baridi ilikuwa imeshika, tukakaa jikoni kando ya moto.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Kisha kimya. Kwa kukosa la kusema, nikafungua simu nikamwekea muziki wa Atomic Jazz, bendi ya Tanga iliyovuma miaka ya 1960. Mwanzoni hakushtuka. Baadaye akaichukua simu, akaiegemeza kwenye sikio la kulia na kuanza kutikisa bega. Ubeti wa pili aliuimba kabla mwimbaji hajaufikia.

"Babu yako alikuwa kwenye mkonge kule chini," alisema. "Siku moja akarudi na redio ya betri. Nyumba ilijaa watu, hata wale tuliokuwa hatusalimiani nao."

Akanihesabia: Jamhuri Jazz, wapinzani wa Atomic hapo hapo Tanga, taarabu ya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila binti Said, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Redio ilipotangaza Januari 1979 kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, Bibi alikuwa akimenya viazi. Hakuvimaliza.

Nikajiuliza: mtu anayekumbuka hivi, amesahau nini?

Nikamsogelea, nikamwuliza kama anatusikia. Akacheka.

"Nasikia mnanong'ona tu. Nimechoka kuwaambia mrudie, kwa hiyo najibu chochote mridhike."

Sauti nyembamba hutangulia kupotea

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaoathiri maisha yao. Upungufu wa uzeeni kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, hivyo sauti za watoto na za wanawake huwa ngumu zaidi kuzisikia. Ndiyo maana Bibi alimwelewa mjomba mwenye sauti nzito, sisi wengine akatukosa.

Haina maana kwamba kila mzee anayejibu ovyo ana tatizo la masikio. Ugonjwa wa kusahau upo, na wataalamu wanautaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kuupata. Anayeweza kutofautisha ni mtaalamu baada ya vipimo, si kikao cha ukoo.

Bibi tulimpeleka hospitali wiki hiyo hiyo. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta, ikatolewa. Upungufu uliobaki ni wa umri, na tumeshauriwa kumtafutia kifaa cha kusaidia kusikia. Tunachangishana.

Kama una mzee nyumbani, kabla hujasema anasahau, mpeleke apimwe masikio. Unapozungumza naye kaa mbele yake auone mdomo wako, zima televisheni, sema taratibu bila kupiga kelele. Usimchokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti. Na mwulize nyimbo za ujana wake; mpe muda wa kujibu.

Kikao cha pili cha familia kilifanyika jikoni kwake. Bibi alisema Dar kuna joto, na shamba lake atalima mwenyewe na kibarua wake. Mjomba mdogo akamwuliza kama ameelewa vizuri alichoulizwa.

"Nimesikia," alijibu. "Ninyi je, mmenisikia?"