Mashine ya Boti: Kasoro za Kuvumilia na Kasoro za Kukimbia

Mvuvi wa Kamanga, kando ya Ziwa Victoria, anayetafuta mashine ya nguvu farasi 15 ya kupachika kwenye mtumbwi wake ana njia tatu. Ya kwanza ni mpya ya Kijapani kutoka kwa wakala anayejulikana mjini Mwanza. Ya pili ni mpya ya Kichina, ya bei ya chini, na nyingi kati ya hizo zimeigwa kwenye Yamaha ya stroku mbili kiasi kwamba baadhi ya vipuri huingiliana. Ya tatu ni mtumba, iliyoshushwa kwenye kontena ikiwa imeshapigwa rangi mpya.

Ukiuliza mwaloni utaambiwa ununue orijino, basi. Ushauri huo unamfaa mwenye fedha yote mkononi. Asiye nayo ana swali jingine: kati ya mashine mbili za bei nafuu zilizosimama mbele yake dukani, achukue ipi? Naamini swali hilo linajibika, na mvuvi anaweza kulijibu mwenyewe kwa tochi, kucha na subira, mradi ajue pa kutazama.

Wanunuzi wengi hutazama boneti: stika imekaa sawa, rangi inang'aa, hakuna mkwaruzo. Boneti haiendeshi kitu. Bloku, mguu na nyumba ya giaboksi ni aluminiamu ya kusubu, iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Ngozi ya nje, ile inayogusa kalibu, hupoa upesi na kushikana vizuri. Vitundu vya hewa, kama vipo, hubaki ndani. Kwa hiyo mstari ulioinuka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, ukingo ambao haukupigwa tupa, rangi iliyotiririka na kukaukia chini ya mguu, vyote hivyo ni ubaya wa sura tu. Hata mashine za bei kubwa huwa navyo sehemu zisizoonekana. Ukipunguziwa bei kwa sababu yake, shukuru na uchukue.

Ukweli wa chuma unaonekana pale mashine ya kukereza ilipopita. Hapo ngozi imeondolewa, na kama aluminiamu ina vitundu, vitajitokeza. Tena hapo ndipo vipande viwili vinapokutana: silinda hedi na bloku, giaboksi na mguu, shafti na sili yake. Kitundu kimoja kilichokaa kwenye njia ya gasketi kina hasara kubwa kuliko mikwaruzo yote ya boneti.

Mwombe muuzaji afungue boneti na umulike tochi kwenye mshono wa silinda hedi. Gasketi ionekane imebanwa sawasawa kuzunguka kote. Ukikuta silikoni imefurika nje ya mshono, jiulize inaficha nini, maana uso ulionyooka hauhitaji kuzibwa hivyo. Kisha fungua plagi na uirudishe kwa vidole, bila spana. Iingie mizunguko kadhaa kwa ulaini. Ikikwama mwanzoni, meno yamekatwa vibaya, na meno ya aluminiamu yakishalazimishwa mara moja hayarudi.

Hamia kwenye pangaboi. Hakikisha plagi imetolewa na gia iko huru. Shika kijiti, kiegemeze kwenye mguu wa mashine hadi kikaribie ncha ya panga moja, kisha zungusha polepole. Mapanga yote yapite kwa nafasi ileile mbele ya kijiti. Moja likisogea mbali na jingine likikigusa, ama pangaboi limepinda ama shafti imepinda. Pangaboi hubadilishwa kwa gharama inayovumilika. Shafti ni habari nyingine.

Sasa vua pangaboi lenyewe uione shafti mahali inapoingia kwenye sili ya giaboksi. Pitisha ukucha juu ya chuma kile, taratibu, ukikizunguka. Ukucha ukinasa, hata kama jicho halioni kitu, weka mashine chini. Mkwaruzo mwembamba kama unywele mahali hapo utakula sili, maji ya ziwa yataingia giaboksi, oili itageuka rangi ya chai ya maziwa, na meno ya gia yatakwisha. Mtu anaweza kuikataa mashine nzima kwa sababu boneti ina mchubuko wa sentimita kumi, akachukua yenye mkwaruzo huu asiouona. Hiyo ndiyo biashara mbaya kuliko zote.

Mtumba una mtihani wake. Ziwa Victoria ni maji baridi, lakini mashine nyingi za mtumba zimefanya kazi baharini kabla ya kufika huku. Chumvi huila aluminiamu kutoka ndani ya njia za maji ya kupoza, na rangi mpya haifiki huko. Tafuta vijipele vya rangi karibu na bolti, na unga mweupe kwenye mashimo ya kuingizia maji. Gonga kidogo kwa kucha. Kijipele kikibanduka na kuacha unga, chuma chini yake kimeanza kuliwa. Angalia pia kichwa cha kila bolti. Kama rangi imepita juu ya bolti na mshono kwa pamoja, mashine imepakwa ikiwa imefungwa, na aliyeipaka hakuangalia ndani.

Tuje kwenye hesabu. Chukua mfano kwamba nafuu kati ya mashine ya Kichina na ya Kijapani ni shilingi 1,500,000. Ya bei rahisi, kwa kabureta isiyotulia na silinda isiyokerezwa vizuri, ikila lita 2 zaidi kila usiku, tukiichukulia petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 6,000. Mvuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa hiyo tuhesabu usiku 20 kwa mwezi: shilingi 120,000. Baada ya mwaka mmoja na nusu mwezi nafuu yote imeliwa, na hatujagusa kipuri. Lakini ikiwa mashine imepita mitihani ya juu na inakula sawa na mwenzake, nafuu ni yako kweli. Kwa hiyo pima mafuta wiki za mwanzo, baada ya kuilainisha. Mashine nyingi za stroku mbili huhitaji oili maradufu saa 10 za kwanza: kwenye dumu la lita 20, mililita 800 badala ya 400 za kawaida. Anayebana oili hapo anaharibu mwenyewe silinda aliyoikagua kwa makini. Stroku nne hula petroli kidogo na haichanganywi oili, ila ni nzito na inataka fundi aliyeizoea. Kwa mtumbwi unaovutwa ufukoni kila asubuhi, sioni kama inafaa.

Ukaguzi ufanyike dukani. Kuirudisha mashine Mwanza kutoka Kamanga ni nauli nyingine ya feri, au kuzunguka kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka umakini: ukishaikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha ni vigumu kumdai muuzaji. Kwa hiyo ukikagua, kagua kweli. Namba iliyo kwenye kibati cha kishikio iandikwe kwenye risiti, ifanane na ya kwenye karatasi za dhamana. Kibati kilichogongwa upya, au nembo iliyokosewa herufi, ni mambo ya kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia.

Kwa anayetoka mbali usiku, upande wa Kisiwa cha Kome na zaidi, ningechukua mpya ya Kijapani hata kama ni kwa kusubiri msimu mmoja, kwa kuwa mashine ikizimika huko kuna watu ndani ya mtumbwi na upepo hauna ratiba. Kwa anayetega nyavu karibu na ufuko, ya Kichina iliyopita mtihani wa ukucha inatosha, na sehemu ya nafuu inunue impela, sili mbili na plagi za akiba siku hiyohiyo. Mtumba ningeugusa tu muuzaji akikubali kufungua giaboksi mbele yangu.