Mkopo Unaokwamia kwenye Herufi Moja

Oktoba ni mwezi mgumu kwa vijana wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita. Chuo wamepata, begi limefungwa, nauli imechangwa. Kinachosubiriwa ni jina kuonekana kwenye orodha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Orodha hutoka kwa awamu. Ya kwanza ikipita bila jina, kijana huambiwa asubiri ya pili. Ya pili nayo ikipita, simu huanza kupigwa kwa ndugu wa karibu na wa mbali, na mzazi huanza kuwaza kiwanja au ng'ombe wa kuuza.

Wapo wanaokosa kwa sababu hawakutimiza vigezo, na wapo wanaokosa kwa sababu fedha hazikutosha. Lakini lipo kundi linalouma zaidi, la vijana waliostahili kabisa, ila maombi yao yalikwama kwa dosari ya nyaraka. Muhuri haukugongwa. Ukurasa wenye saini ulipakiwa ukiwa umekatika. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohamedi. Makosa ya namna hii yanazuilika, na mengi yake huzaliwa miaka kadhaa kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Bodi iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bajeti ya mikopo imepanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25, na tangu 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa stashahada nao wanakopeshwa. Kwa wingi wa waombaji, hakuna ofisa anayeweza kumjua mtoto wa fulani kwa sura wala kwa shida zake. Kinachozungumza kwa niaba yake ni karatasi.

Na karatasi hizo zina safari. Mwombaji hufungua akaunti katika OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, kwa kutumia namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hulipa ada, kisha hujaza taarifa zake, za wazazi na za mdhamini. Fomu ikishachapishwa, huipeleka kwa uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji isainiwe na kugongwa muhuri, halafu kwa kamishna wa viapo. Kurasa zenye saini huskaniwa na kupakiwa upya kwenye mfumo. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba kulipa ada na kujaza fomu ndiyo mwisho wa kazi. Ombi ambalo halikuwasilishwa hadi hatua ya mwisho ni sawa na barua iliyoandikwa ikabaki mfukoni.

Namba ya kidato cha nne nayo ina mtego wake. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, na anatakiwa kuombea mkopo kwa namba ileile aliyoombea chuo. Akichanganya, mfumo utamwona kama watu wawili, mmoja mwenye chuo asiye na mkopo, na mwingine mwenye ombi la mkopo asiye na chuo.

Shida kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye vyeti vya kuzaliwa. Kabla ya kukamilisha maombi, cheti cha kuzaliwa, pamoja na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, kwa upande wa Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa upande wa Zanzibar. Lengo ni zuri, kwa maana bila uhakiki huo vyeti vya kughushi vingejaa. Tatizo ni kwamba kwa sensa ya mwaka 2012, ni takriban asilimia 13 tu ya wakazi wa Tanzania Bara waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa. Watoto wengi wameanza shule kwa jina lililotajwa kwa mdomo na mzazi, mwalimu akaliandika alivyolisikia. Cheti kikaja kutafutwa baadaye, mkopo ukiwa umeshakaribia, na ofisa wa usajili naye akaliandika kwa namna yake.

Anayeumia kuliko wote ni yatima. Huyu ndiye ambaye vigezo vinampa kipaumbele, lakini kama baba alizikwa kijijini na kifo chake hakikusajiliwa, hana cha kuonesha. Kusajili kifo cha miaka kumi iliyopita ni kufuatilia barua za kijiji, mashahidi na ofisi ya wilaya, na dirisha la maombi halimngoji mtu. Familia iliyofiwa ingefaa ikate cheti cha kifo mapema, hata kama mtoto bado yuko darasa la pili.

Kuna pia suala la mahali pa kujazia fomu. Kijana asiye na kompyuta huenda kwenye kibanda cha intaneti, na mhudumu, kwa nia njema au mbaya, humfungulia akaunti kwa namba ya simu na nenosiri la mhudumu mwenyewe. Baada ya wiki mbili ombi linahitaji marekebisho, nenosiri halijulikani, na simu ya mhudumu haipatikani. Namba ya simu iwe ya mwombaji, nenosiri aliandike daftarini mwenyewe, na asiondoke dukani kabla hajafungua kila kiambatisho kuona kama kinasomeka.

Dosari ikishatokea, si mwisho wa habari. Bodi huwa na utaratibu wa kuwapa nafasi ya marekebisho waombaji ambao nyaraka zao zina kasoro, na baada ya mikopo kupangwa hufungua dirisha la rufaa kwa waliokosa au waliopata kiasi kidogo. Muda wake huwa mfupi, kwa hiyo anayefungua akaunti yake mara moja kwa mwezi atakuta pamefungwa. Rufaa nayo hujengwa kwa ushahidi mpya, kama cheti cha kifo kilichopatikana baadaye au uthibitisho wa ulemavu. Kwa majina yanayotofautiana, ni heri kumwona wakili mapema kwa ushauri wa hati ya kiapo au usajili rasmi wa kubadili jina.

Aliyepangiwa mkopo naye bado ana mlima. Fedha hazitoki kabla hajajisajili chuoni na kuthibitisha taarifa zake kwenye mfumo wa malipo. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita boom, huhesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku; ikichelewa wiki tatu, mwanafunzi wa mkoani hana kwa kukimbilia. Kwa wanaoendelea na masomo, chanzo cha ucheleweshaji mara nyingine ni chuo chenyewe kutowasilisha matokeo Bodi kwa wakati. Pa kuanzia ni kwa afisa mikopo wa chuo, na malalamiko yawe ya maandishi yenye tarehe, si ya mdomo tu mlangoni.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumtwisha mwombaji lawama zote. Marekani imeonesha jinsi ofisi yenyewe inavyoweza kuwa chanzo cha balaa. Desemba 2020 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kurahisisha FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo. Fomu hiyo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, lakini ile mpya ilichelewa hadi tarehe 30 Desemba 2023. Ilikuwa na dosari za kiufundi zaidi ya 40. Waliozaliwa mwaka 2000 walikwama kwenye sehemu mojawapo, na wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii walishindwa kuikamilisha. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilibaini kwamba kati ya simu milioni 5.4 zilizopigwa katika miezi mitano ya kwanza, milioni 4 hazikujibiwa. Vyuo vilianza kupata taarifa za waombaji Machi 2024, na vingi vikalazimika kusogeza mbele siku ya wanafunzi kuthibitisha nafasi. Desemba mwaka huo ikasainiwa sheria inayotaka fomu ifunguliwe tarehe 1 Oktoba kila mwaka.

Kenya nayo ilianza mfumo mpya wa ufadhili mwaka 2023, unaopima hali ya familia na kumweka mwanafunzi katika daraja. Mwaka uliofuata wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wa maskini wamewekwa pamoja na wa matajiri, na serikali ikalazimika kupokea rufaa. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, ingawa Mahakama ya Rufani baadaye ilisimamisha uamuzi huo. Penye kipimo cha kompyuta, lazima pawe na mtu wa kumsikiliza anayesema kipimo kimekosea, tena amjibu kabla muhula haujaanza.

Kwa Tanzania, dawa ya kudumu iko mbali na ofisi za Bodi. Mwaka 2013 RITA ilianza mkoani Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mpango huo umesambaa mikoa mingine. Waliokuwa na miaka minne wakati huo sasa wanafikia umri wa kidato cha nne. Waliosajiliwa, vyeti wanavyo. Kazi iliyobaki ni ya walimu wanaowasajili kwa mtihani wa Baraza la Mitihani, NECTA, kunakili jina kutoka kwenye cheti badala ya daftari la mahudhurio, na ya mzazi, kwenda shuleni na cheti mkononi kulikagua jina hilo kabla orodha haijatumwa.