Hitilafu za taa za skuta

Hitilafu za taa za skuta ni kasoro za mfumo wa umeme zinazosababisha taa za chombo hicho kutowaka, kufifia, kumetameta au kuungua mara kwa mara. Skuta ni pikipiki ndogo yenye sehemu bapa ya kuwekea miguu mbele ya kiti. Katika pwani ya Afrika Mashariki huitwa pia vespa, kutokana na Vespa ya kampuni ya Piaggio iliyoanza kutengenezwa mjini Pontedera, Italia, mwaka 1946.

Dalili moja inaweza kuwa na sababu nyingi. Taa isipowaka, kosa laweza kuwa kwenye balbu, holda, swichi, fyuzi, waya au chanzo cha umeme. Kwa sababu hiyo ukaguzi hufuata njia ya umeme hatua kwa hatua, badala ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Usalama pia unahusika: skuta isiyo na taa ya nyuma haionekani usiku mpaka gari liwe karibu mno, na mwendeshaji aliyeketi mbele hawezi kujua kwamba taa hiyo imezima.

Chanzo cha umeme

Hatua ya kwanza ni kujua taa hupata umeme wapi. Kuna mifumo miwili mikuu.

Katika mfumo wa kwanza taa hulishwa moja kwa moja na magneto. Sumaku zilizo ndani ya gurudumu tegemeo la injini huzunguka kando ya koili zilizofungwa kwenye stata, na koili hizo hutoa mkondo geu, yaani mkondo unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Vespa nyingi za zamani zilitumia mfumo huu kwa volti 6 bila betri. Taa zake hufifia injini inapozunguka polepole na kung'aa mwendo unapoongezeka. Hiyo ni tabia ya kawaida, si ugonjwa.

Katika mfumo wa pili umeme wa stata hupitia rektifaya, inayoufanya uende upande mmoja tu, na regulata, inayozuia volti isipande mno. Kisha huchaji betri ya volti 12 inayolisha taa.

Skuta nyingi ndogo huchanganya mifumo hiyo: taa ya mbele hutumia mkondo geu, ilhali indiketa, honi na taa ya breki hutumia betri. Ndiyo maana honi inaweza kulia vizuri wakati taa ya mbele imezima kabisa.

Dalili na sababu zake

* Taa moja tu haiwaki: balbu imeungua, holda ina kutu, au waya wa taa hiyo umekatika.
* Taa zote za betri zimezima: fyuzi imeungua, betri imekwisha, au swichi kuu ina kasoro.
* Taa ya mbele huzima usukani unapogeuzwa: waya umekatika ndani ya ganda lake kwenye shingo ya usukani, mahali unapokunjwa kila siku.
* Taa ya nyuma hufifia breki inapokanyagwa, au humetameta pamoja na indiketa: waya wa ardhi haushiki vizuri, hivyo mkondo hutafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine.
* Balbu huungua mara kwa mara: regulata imeharibika au waya wake wa ardhi umelegea. Katika skuta za zamani zisizo na regulata, balbu moja ikiungua nyingine hupata volti kubwa kuliko kawaida na zaweza kuungua zikifuatana.
* Taa zote za magneto ni hafifu hata injini ikienda kasi: waya za stata zimechubuka. Ganda lake hukauka na kupasuka kwa sababu ya joto la injini.

Kutu na volti inayopotea

Sehemu kubwa ya hitilafu hutokana na viungio vichafu. Balbu ya wati 35 huhitaji takribani ampea 2.9 kwa volti 12, lakini ampea 5.8 kwa volti 6. Ikiwa kutu imeleta ukinzani wa ohm 0.2 na volti ya chanzo haibadiliki, mfumo wa volti 12 hupoteza karibu nusu volti, na ule wa volti 6 hupoteza karibu volti 1. Mwanga wa balbu yenye uzi hupungua haraka kuliko volti, kwa hiyo upungufu huo kwenye volti 6 unaweza kuondoa karibu nusu ya mwanga wote. Kusafisha kiungio kwa msasa laini huweza kurudisha mwanga bila kununua kifaa chochote.

Upimaji

Vifaa vinavyotosha ni multimita na kipande cha waya. Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Kutoa balbu na kupima kama uzi wake unapitisha umeme. Uzi unaweza kuonekana mzima kwa macho ilhali umekatika.
2. Kukagua fyuzi na kupima betri. Betri nzima iliyojaa huonyesha takribani volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya volti 13.5 na 14.5 inapochajiwa.
3. Kurudisha balbu, kuwasha taa na kupima volti kwenye holda. Taa ya magneto hupimwa injini ikiwaka, na multimita huwekwa kwenye mkondo geu. Ikiachwa kwenye kipimo cha betri huonyesha karibu sifuri hata kama umeme upo.
4. Ikiwa volti ipo lakini balbu nzima haiwaki, kuunganisha upande wa ardhi wa holda na fremu kwa kipande cha waya. Taa ikiwaka, kosa liko kwenye waya wa ardhi.
5. Ikiwa volti haipo, kurudi nyuma kuelekea chanzo: kiungio, swichi, regulata, stata. Kosa liko kati ya mahali pa mwisho penye volti na mahali pa kwanza pasipo nayo.

Tahadhari

Fyuzi inayoungua tena baada ya kubadilishwa huashiria shoti. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, waya au karatasi ya bati ya pakiti ya sigara mahali pake hakuondoi shoti hiyo. Huhamishia joto kwenye waya zinazopita karibu na tangi la petroli, na skuta inaweza kushika moto. Kabla ya kukata au kuunga waya, betri hutenganishwa kwanza kwa kufungua upande hasi.