Ngoma Inayopakwa kwa Kompyuta

Wanangu wa Bujumbura, leo nawasimulia habari za mafundi ambao pengine hamjawahi kuwaona, ingawa kazi yao mnaitazama kila mnapocheza mchezo wa simu au kuangalia filamu. Fundi wa kwanza huchonga umbo ndani ya kompyuta: mtu, gari, joka. Likitoka mikononi mwake, umbo hilo ni la kijivu tupu. Ndipo anapoingia fundi wa pili, anayelipatia uso: rangi, mikwaruzo, vumbi, kutu, jasho. Huyo wa pili ndiye ninayetamani mmoja wenu awe.

Tuchukue kitu mnachokijua tangu utotoni, ngoma yetu ya kifalme ya Burundi, ambayo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Ni gogo la umuvugangoma lililochimbwa ndani, likawambwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi ikashikwa kwa vigingi vya mti pande zote. Umbo lake si gumu kulichonga. Ugumu uko kwenye uso.

Kompyuta hupaka rangi juu ya picha bapa, na ngoma ni ya mviringo. Kwa hiyo umbo hufumuliwa kwanza, kama fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi anavyofumua kanzu kuukuu na kutandaza vipande vyake mezani. Wewe ndiye unayeamua mishono ipite wapi: mmoja pale ngozi inapokutana na mti, mwingine kwenye kitako, na wa tatu wima ubavuni. Huo wa wima upeleke upande ambao kamera haitafika. Mistari ya mbao ikikatika mbele ya kamera, mtazamaji ataiona papo hapo.

Wazo la kulivisha umbo picha namna hii lilitoka kwa Edwin Catmull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, katika tasnifu yake ya mwaka 1974. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar. Kwa ajili ya filamu ya Avatar ya mwaka 2009, mafundi wa Weta Digital kule New Zealand walijitengenezea programu yao ya kupakia, Mari, ambayo sasa inauzwa na Foundry ya London. Wengi wanaotengeneza michezo ya kompyuta hutumia Substance Painter, iliyozaliwa Ufaransa. Hizo ni za kulipia. Ninyi anzeni na Blender: ni ya bure, ina menyu za Kifaransa, na mkishaipakua haiwadai intaneti tena. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 itawatosha, maana ya 4096 ina pikseli zaidi ya milioni 16, na kompyuta dhaifu itakwama.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hupotea. Ngoma moja haitaki picha moja. Ya kwanza ni ya rangi. Ya pili ni ya kijivu, nayo huiambia kompyuta wapi panang'aa na wapi pamefifia: peusi panarudisha mwanga, peupe pamekwaruzika. Ya tatu huonyesha palipoinuka na palipobonyea. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katikati ya ngozi, vijiti vinapotua kila siku, manyoya yameisha na uso umelainika, basi papake weusi kidogo. Pembeni, ambako vijiti havifiki sana, pabaki peupe. Geuza taa ndani ya programu uone: bila kubadilisha rangi hata chembe, ngoma imeshakuwa na umri.

Kila alama iwe na sababu. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wameibeba ngoma kichwani, kisha huitua chini, kwa hiyo kitako kina udongo na kingo zilizochubuka. Vumbi hukaa kwenye mifereji, si juu ya ubavu ulio wazi. Mkitaka kujizoeza, nendeni kwenye gereji za Buyenzi mkatazame mlango wa gari bovu: kutu huanzia kwenye tundu la skrubu, kisha huteremka na maji ya mvua.

Sisi wa ukanda huu tumeshaanza kutengeneza filamu za namna hii. Katika Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi uliotoka mwaka 2023, Raymond Malinga wa Uganda aliongoza "Herderboy" na Ng'endo Mukii wa Kenya akaongoza "Enkai". Ngoma ya Burundi ikitakiwa katika kazi kama hizo, nataka ipakwe na mtu aliyeisikia ikilia.

Tukirudi kwenye ngoma yetu, vigingi viacheni mwisho. Msipake kimoja mkakinakili kuzunguka ngoma nzima. Vimechongwa kwa panga, kila kimoja na pigo lake, na vingine vimegongwa vikapasuka kichwa. Pakeni vitano au sita tofauti, vichanganyeni, vingine mvizungushe kidogo ili nyufa zisilingane.