Mtoto amenona, lakini je, ana afya? Mambo ambayo familia za Mantapala na vijiji vya jirani zinapaswa kujua

Jirani akimbeba mtoto wako na kusema, "Huyu amenona kweli!", mzazi hufurahi. Kwa familia zilizovuka mpaka kutoka Kongo mwaka 2017 na kufika Kenani, na baadaye Mantapala, mtoto mwenye mashavu makubwa ni ishara kwamba njaa imepita. Lakini mwili mkubwa pekee hauonyeshi afya. Makala hii inaeleza namna ya kutofautisha, na msaada unapatikana wapi.

Kwanza: je, amenenepa au amevimba?

Swali hili ni la haraka kuliko yote. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuvimba miguu, mikono na uso, akaonekana mnene. Ugonjwa huu unaitwa kwashakoo. Unaweza kumpata mtoto anayeshiba ugali wa muhogo kila siku bila samaki, maharage wala karanga.

Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa miguu yake yote miwili, uhesabu polepole hadi tatu, kisha uachie. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Usingoje soko liishe, wala usimpe kwanza dawa za kienyeji.

Nitajuaje kama uzito wake umezidi?

Usikadirie kwa macho. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mhudumu wa afya hupima uzito na urefu, kisha huvilinganisha. Kwa mtoto mkubwa zaidi, umri wake pia huangaliwa. Nenda na kadi yake ya kliniki kila mara.

Urefu ni muhimu kwa sababu mtoto anaweza kuwa mfupi kwa kukosa lishe bora tangu tumboni, na wakati huohuo akawa mzito kupita kiasi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 35 ya watoto wa Zambia walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na asilimia 5 walikuwa na uzito uliozidi. Matatizo yote mawili yapo, na hata nyumba moja inaweza kuwa nayo.

Kwa nini tujali?

Mtoto mwenye uzito uliozidi anaweza kukoroma na kulala vibaya, kuumwa magoti na kuchekwa na wenzake. Akikua hivyo, hatari ya kisukari na shinikizo la damu huongezeka.

Tufanye nini nyumbani?

- Usimnyime chakula wala kumpa dawa za kukonda. Bado anakua. Mara nyingi lengo ni uzito usipande haraka wakati urefu unaendelea kuongezeka.
- Badilisheni chakula cha nyumba nzima. Mtoto asile peke yake kama mgonjwa. Punguzeni ugali kidogo kwenye sahani, ongezeni sombe, matembele au mboga nyingine, pamoja na chisense au maharage. Pimeni mafuta kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye chupa.
- Maji badala ya soda. Chupa ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari ya vijiko 7 au 8 vya chai. Ni kweli kwamba sukari ya nyumbani Zambia huongezwa vitamini A, lakini hiyo si sababu ya kuijaza kwenye chai na uji. Vitamini A ipo pia kwenye mboga za majani, maembe na mapapai.
- Acheni acheze. Kuanzia miaka 5, mtoto anahitaji angalau saa moja kila siku ya kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira.
- Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi.
- Msimwite "kibonge". Aibu haipunguzi uzito. Humfanya mtoto ale kwa kujificha.

Kumbukeni pia kwamba uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Wekeni akiba ya chisense kavu, maharage na karanga mapema, ili miezi hiyo isibaki ya ugali mtupu.

Tuende wapi?

Anzia kliniki iliyo karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya wa kujitolea wa eneo lako. Mkimbizi na mwenyeji wote wanahudumiwa. Zambia iliondoa malipo ya huduma ya msingi ya afya vijijini tangu mwaka 2006. Ikihitajika, kliniki itakuandikia rufaa ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi.

Baba na bibi nao waje. Anayepika, anayenunua na anayempa mtoto pipi wakisikia ushauri mmoja, mtoto hatavutwa huku na kule.