Kunyang'anya Simu Hakumlindi Mtoto

Katika mtaa kama Free Area, jijini Nakuru, kijana wa miaka 14 hahitaji simu yake mwenyewe ili aingie mtandaoni. Ataazima ya mama jioni, ataunga Wi-Fi ya jirani, au atatumia ya mwenzake. Enzi za saiba, mwenye duka aliweza kuona nani anafungua nini. Sasa mlango uko mfukoni na hauna bawabu. Ndiyo maana mzazi anayedhani amemaliza kazi kwa kufungia simu kabatini anajidanganya. Isitoshe, kazi za shule zenyewe siku hizi humtuma mtoto huko huko mtandaoni.

Hatari zipo, lakini si lazima zitoke tunakozitazamia. Utafiti wa Disrupting Harm, uliotolewa mwaka 2021 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ulikadiria kuwa asilimia 67 ya Wakenya wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti. Ulionyesha pia kuwa anayemdhulumu mtoto mtandaoni mara nyingi ni mtu anayemfahamu, na kuwa kesi chache mno hufika polisi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Anayedai picha ya utupu kisha akatishia kuisambaza hutegemea aibu ya mtoto na hofu yake ya kuchapwa nyumbani. Kila kipigo humwongezea mhalifu huyo nguvu, kwa kuwa mtoto huchagua kunyamaza.

Watakaosema sheria ipo hawajakosea: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilipitishwa mwaka 2018. Lakini sheria husubiri mlalamishi, na mlalamishi ni mtoto yule yule aliyefungwa mdomo na hofu. Wengine watasema hawaijui TikTok, basi watamwelekezaje mtoto? Mzazi hahitaji kuijua. Anawajua watu: anajua zawadi isiyo na sababu hunuka, na anajua rafiki wa kweli haombi siri. Hekima hiyo inatosha kuanzisha mazungumzo.

Basi mtoto ajue mapema kwamba akisema hatapigwa. Akitishwa, msifute ujumbe wala picha za skrini, maana huo ndio ushahidi. Pigeni 116, nambari ya kuwasaidia watoto. Haitozwi hata shilingi.